Sakafu ya Kuanikia Ijengwe Wapi?



Mkutano mkuu ujao utaletewa shauri moja ambalo kwa kulitazama juu juu ni jepesi. Jumuiya ijenge sakafu moja ya saruji ya kuanikia karafuu, pamoja na banda na mizani, kwa ajili ya vitongoji vya ndani ambavyo mpaka leo vinaanika juu ya majamvi uani, na wengine, Mungu atusamehe, juu ya lami. Fedha zipo, ingawa si nyingi. Kiwanja kimepatikana, tena bure, ukingoni mwa barabara kuu. Kwa hivyo wengi waona shauri limekwisha, limebaki kunyosha mikono tu. Mimi naomba mikono isinyoshwe kwanza. Sababu zangu nazieleza hapa gazetini, kwa kuwa mkutanoni mtu hupewa dakika tano, na nusu yake huishia katika salamu.

Kila aliyepata kuchuma ajua kuwa karafuu mbichi haingoji mtu. Ikilala ndani ya gunia hupata joto, huchacha, na ikija kukauka huwa imepauka na kujikunja, na mnunuzi huiweka daraja la chini. Ikianikwa upesi, ikapata jua la siku 4 au 5 bila ya kunyeshewa, hutoka na rangi yake ya kahawia, ngumu, yenye kuvunjika kwa mlio. Hilo ni moja. La pili ni uzito. Kilo 3 mbichi hutoa karibu kilo 1 kavu. Maana yake, mtu achukuaye gunia la karafuu mbichi, liwe kichwani, juu ya punda au nyuma ya bodaboda, thuluthi mbili ya mzigo wake ni maji ambayo jua litayachukua bure. Kila kilomita tunayomwongezea mtu huyo, twamwongezea kubeba maji. Na sakafu ikishajengwa haihamishwi. Tukikosea, tutakuwa tumekosea kwa misimu 30.

Sasa sisi huchaguaje mahali? Kwa kawaida kwa njia tatu. Ya kwanza ni mwenye sauti kubwa. Ya pili ni kiwanja cha bure. Ya tatu, ambayo huonekana ya kitaalamu, ni kutandaza ramani mezani na kutia kidole katikati. Nakumbuka ghala moja, sitaji la nani wala liko wapi, lililojengwa kwa njia hii ya tatu. Katikati ya ramani lilikuwa katikati kweli, lakini baina yake na nusu ya mashamba palikuwa na bonde la mpunga, na wakati wa masika wenye mashamba wale walilazimika kuzunguka mpaka kwenye daraja. Wakaacha kwenda. Mara ya mwisho nilipopita hapo, mbuzi walikuwa ndani wamejikinga na mvua, na kwa hakika wao walikuwa karibu.

Kisiwa chetu ni vilima na mabonde, na bahari imeingia ndani kwa vidole vingi. Hapa kwetu mstari ulionyooka juu ya ramani hausemi kitu. Mtu hapiti juu ya mstari, hupita njiani. Basi swali letu lisiwe "katikati ni wapi?" bali "katika njia tulizo nazo, mahali gani patapunguza mwendo wa karafuu zetu?" Swali hili lina elimu yake, na kwa jambo dogo kama letu halihitaji kompyuta, yatosha kalamu ya risasi.

Zamani wataalamu walikuwa wakilipiga hesabu kana kwamba dunia ni uwanja mtupu. Mjerumani Alfred Weber alitoa kitabu chake 1909 juu ya mahali pa kuweka viwanda, na alilosema lingali kweli: mali inayopoteza uzito inapotengenezwa huvuta kiwanda upande inakotoka, na isiyopoteza haina haja hiyo. Makonyo yetu ni mfano. Kilo 100 za makonyo hutoa kilo chache tu za mafuta, kwa hivyo kiwanda cha Wawi hakina budi kuwa kisiwani karibu na makonyo, si karibu na wanaonunua mafuta ng'ambo. Karafuu mbichi nayo ni hivyo hivyo, kwa kuwa hupoteza thuluthi mbili. Lakini Weber alichora kwenye uwanja mtupu, na sisi tuna njia.

Waliolileta swali njiani, tena kwa wakulima, ni Wachina. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, Hua Luogeng, mwanahesabu mkubwa wa nchi ile, ambaye katika ujana wake aliacha skuli akasaidia duka la baba yake, alishughulika pamoja na wenzake na hesabu za mavuno ya ngano. Swali mojawapo lilikuwa lile lile letu, ila wao walikuwa na uwanja wa kupuria ngano badala ya sakafu ya kuanikia: mashamba yako hapa na pale, njia ni hizi, uwanja uwe wapi ili mavuno yachukuliwe mwendo mdogo? Makala yao ilitoka kwa Kiingereza 1962. Kanuni waliyoipata waliitia katika maneno mafupi yenye vina ili mkulima aishike kichwani. Miaka michache baadaye, 1971, Mmarekani A. J. Goldman aliitoa kanuni hiyo hiyo katika jarida la wataalamu wa usafiri. Nitaieleza kwa mfano, na majina ya vitongoji pamoja na hesabu nimeyatunga mimi, mtu asije akasema kuwa namsema yeye.

Tuseme kutoka barabara ya lami, mahali paitwapo Barabarani, yaingia ndani njia ya kifusi ya kilomita 2 mpaka Njiapanda. Hapo inagawanyika. Mkono mmoja waenda kilomita 3 mpaka Bondeni. Mkono wa pili waenda kilomita 1.5 mpaka Mwembeni, na kutoka Mwembeni kuna vijia viwili, kimoja cha kilomita 2 kupanda Kilimani na kimoja cha kilomita 1 kwenda Mtoni. Katika msimu mzuri Barabarani hutoa magunia mabichi 20, Njiapanda 30, Mwembeni 40, Kilimani 70, Bondeni 45 na Mtoni 35. Jumla 240, nusu yake 120.

Anza na ncha, yaani kitongoji chenye njia moja tu ya kutokea. Kama magunia yake hayafiki nusu ya jumla, hapana haja ya kuweka sakafu pale. Yachukue magunia yale, kwa kalamu, uyaongeze katika kitongoji cha jirani, na ncha uifute. Barabarani ina 20, haifiki 120, basi Njiapanda yawa na 50. Bondeni ina 45, nayo iende Njiapanda, ziwe 95. Kule ng'ambo, Mtoni 35 ziende Mwembeni, ziwe 75, na Kilimani 70 zifuate, ziwe 145. Mwembeni imepita nusu. Hapo ndipo mahali, na kazi imekwisha.

Msomaji aliye makini atauliza: mbona kilomita hatukuzitumia hata moja? Ndivyo ilivyo, na mimi mwenyewe nilipolisoma mara ya kwanza sikuliamini mpaka nilipolijaribu. Njia zikiwa kama matawi ya mti, yaani hakuna mzunguko wa kumrudisha mtu alikotoka, urefu wa njia haubadili mahali pa kujenga. Sababu yake ni hii. Simama popote, utazame njia moja iliyo mbele yako. Ukisogea hatua moja upande ule, magunia ya upande ule yote yanapungukiwa na hatua moja, na yaliyobaki nyuma yako yote yanaongezewa hatua moja. Ikiwa zaidi ya nusu iko mbele, unapata faida, basi songa. Urefu wa safari iliyobaki hauingii katika hesabu hii. Kwa hivyo mtu asituambie kwamba hatuwezi kufanya hesabu mpaka aletwe mpima. Twahitaji kujua magunia, na magunia sisi twayajua.

Kilomita zina kazi pale tunapotaka kujua hasara. Gunia 1 likichukuliwa kilomita 1, tuseme ni mwendo 1. Sakafu ikiwa Mwembeni, magunia yote 240 yatakwenda miendo 492 na nusu. Ikiwa Njiapanda, 567 na nusu. Ikiwa Barabarani kwenye kiwanja cha bure, 967 na nusu. Baina ya Njiapanda na Barabarani pana tofauti ya miendo 400, yaani sawa na kuchukua gunia moja la karafuu mbichi kilomita 400 kila msimu mzuri. Urefu wa Pemba, toka ncha ya kaskazini hata ya kusini, ni karibu kilomita 67. Basi ni kama kulipitisha gunia hilo kisiwa kizima mara sita. Kiwanja cha bure!

Lakini nisiwe mwongo. Wanaotaka Barabarani wana hoja, nayo ni kwamba karafuu kavu lazima ifike barabarani hatimaye, maana mnunuzi hatoki kwenda Mwembeni. Kweli. Basi na tuiingize. Magunia 240 mabichi yakikauka uzito wake ni kama wa magunia 80. Tuyahesabu hayo 80 kuwa ni mzigo wa Barabarani, juu ya 20 zake, ziwe 100. Jumla sasa ni 320, nusu 160. Futa ncha kama kwanza: Mtoni na Kilimani pamoja na Mwembeni ni 145, hazifiki 160, basi zote ziende Njiapanda. Jibu limehama. Njiapanda sasa ni miendo 727 na nusu, Mwembeni 772 na nusu, na Barabarani, ingawa tumeipa kila haki yake, imebaki pale pale 967 na nusu.

Na hapo bado. Karafuu kavu iliyokwisha kutiwa magunia huchukuliwa kwa gari, mara moja, na gharama yake kwa kilomita si sawa na ya mbichi inayochukuliwa kidogo kidogo kila siku kwa punda na vichwa. Tukisema uchukuzi wa kavu ni nusu ya gharama, basi ule mzigo wa 80 tuuhesabu 40. Jumla 280, nusu 140. Mwembeni na ncha zake mbili zina 145, imepita, na jibu larudi Mwembeni, kwa miendo 632 na nusu dhidi ya 647 na nusu ya Njiapanda. Kumbe baina ya Njiapanda na Mwembeni ni suala la bei ya gari. Baina ya hizo mbili na Barabarani hakuna suala.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona kubwa kuliko hesabu yenyewe, nalo ni hili: kwa nini tuhesabu magunia?

Kuhesabu magunia maana yake mwenye mikarafuu 300 ana sauti ya watu 30 wenye mikarafuu 10. Labda ni haki, kwa kuwa ndiye mwenye mzigo. Lakini mwenye mikarafuu 300 ana gari lake, au ana uwezo wa kukodi, na mara nyingi ana sakafu yake uani. Mjane mwenye mikarafuu 10 hana kimojawapo. Sakafu ya Jumuiya inajengwa kwa ada za wote, na ada ni sawa kwa wote. Tujaribu basi kuhesabu watu. Tuseme wanachama ni 12 Barabarani, 10 Njiapanda, 8 Mwembeni, 9 Kilimani, 25 Bondeni na 6 Mtoni. Jumla 70, nusu 35. Mwembeni na ncha zake zina 23 tu, zaenda Njiapanda. Barabarani na Njiapanda ni 22, na Bondeni 25, jumla 47. Jibu ni Njiapanda, wala si la kubishaniwa. Kanuni ni ile ile, kalamu ni ile ile, na jibu ni jengine kwa kuwa swali ni jengine. Hesabu haitatuambia tuhesabu magunia au watu. Hilo ni letu sisi, nalo ndilo linalostahili dakika tano za mkutano, si kiwanja.

Tena liko swali la tatu, la yule aliye mbali kabisa. Mvua ikitanda ghafula saa nane mchana, mtu wa mwisho wa njia huchukua muda gani kufika kufunika karafuu yake? Hapa hatutafuti jumla iliyo ndogo, twatafuta mahali ambapo aliye mbali kuliko wote hawi mbali kupita kiasi. Kanuni yake pia ni fupi, na ilitolewa 1973 na Gabriel Handler. Anza popote, nenda mpaka kitongoji cha mbali kabisa, kutoka hapo nenda tena mpaka cha mbali kabisa, kisha ugawe njia hiyo kati kwa kati. Kutoka Barabarani cha mbali ni Kilimani, kilomita 5.5. Kutoka Kilimani cha mbali ni Bondeni, kilomita 6.5. Nusu yake 3.25. Ukihesabu kutoka Bondeni utapita Njiapanda na kusonga mita 250 kuelekea Mwembeni, hapo ndipo. Pengine ni kwenye mwembe wa mtu au makaburini, lakini ndipo. Sakafu ikiwa Mwembeni, mtu wa Bondeni ana kilomita 4.5 za kukimbia. Ikiwa Njiapanda, wa mbali kabisa ni mtu wa Kilimani, kilomita 3.5. Ikiwa Barabarani, huyo wa Kilimani ana 5.5, na mvua itakuwa imekwisha anyesha, imekwisha acha, na karafuu imekwisha haribika, ndipo afike.

Tofauti hii ya maswali mawili aliifafanua S. L. Hakimi huko Marekani 1964, alipokuwa akitafuta mahali pa mitambo ya simu. Alionyesha kuwa mtu akitafuta jumla ndogo, hana haja ya kupoteza wakati kutazama katikati ya njia, maana daima patakuwapo kitongoji au njia panda isiyoshindwa na mahali pengine popote. Lakini akitafuta kumsogelea aliye mbali, mahali paweza kuwa katikati ya njia pasipo na nyumba. Uzuri wa jambo la Hakimi ni kuwa ni kweli hata pale njia zinapozunguka. Kwetu zipo za namna hiyo. Kiangazi watu wa Bondeni wanaweza kukata bondeni wakatokea Kilimani, na masika njia hiyo huwa maji. Mzunguko ukiwapo, kanuni ya kufuta ncha haitoshi, na urefu wa njia sasa una maneno yake. Lakini hata hapo, mahali pa kujaribu ni vitongoji na njia panda tu. Vituo 6, hesabu 6. Mtoto wa darasa la saba ataifanya baada ya magharibi. Ushauri wangu ni kuhesabu njia za masika, kwa kuwa sakafu tunaihitaji zaidi wakati ambao mvua haziaminiki.

Yupo mjumbe mmoja wa kamati aliyeniambia, "Usijali, hii ni ya kwanza tu, ya pili itafuata." Nilimwomba afikiri tena, kwa kuwa maneno hayo yanabadili kila kitu. Katika mfano wetu, kama sakafu ni mbili, mahali bora kwa magunia ni Mwembeni na Bondeni, na jumla hushuka mpaka miendo 290. Njiapanda haimo kabisa! Ikiwa ya kwanza imekwisha jengwa Njiapanda, ya pili itaongezwa Kilimani, na jumla itakuwa 322 na nusu milele. Mtu anayejenga moja moja, kila mara akichagua pazuri kwa siku ile, hafiki lazima kwenye jozi nzuri. Kwa hivyo kamati ituambie wazi, tena kwa maandishi: ni sakafu moja, au ni mbili kwa mpango wenye fedha zake? Mimi binafsi nimekwisha ahidiwa "awamu ya pili" za mambo mengi, barabara, maji, miche, na nywele zimeota mvi. Mpaka nione fedha ya pili, nitahesabu kwamba ni moja.

Na ikiwa siku moja Jumuiya itataka sakafu kwa kisiwa kizima, hapo kalamu ya risasi itasalimu amri. Kuchagua mahali 5 kati ya vituo 50 kuna njia 2,118,760. Kuchagua 10 kati ya hivyo 50 kuna njia zaidi ya bilioni 10. Kariv na huyo huyo Hakimi walionyesha 1979 kuwa kwa njia za namna yoyote, zenye mizunguko, swali la sakafu nyingi ni katika maswali magumu ambayo hakuna mtu aliyepata kanuni ya upesi ya kuyamaliza yote. Watu hutumia werevu. Teitz na Bart walipendekeza 1968 njia ambayo hata bibi zetu wangeielewa: chagua mahali popote 5, kisha jaribu kutoa pamoja na kutia pengine, ukiona jumla imepungua shika hapo, uendelee kubadilisha mpaka hakuna badiliko linaloleta faida. Si lazima ufike pazuri kabisa, lakini mara nyingi utafika karibu. Leo kompyuta ndogo hulifanya hilo kwa muda mfupi, na vijana wetu waliosoma kazi hiyo wapo, tena baadhi yao wamekaa barazani hawana la kufanya. Hilo ni la kesho.

Kwa leo, nasema hivi. Barabarani tumeihesabu kwa magunia mabichi, kwa mabichi na makavu, kwa watu na kwa aliye mbali, na kila mara imekuwa ya nyuma ya Njiapanda. Huo ni mfano wangu, nakubali, na njia zenyewe huenda zikasema vingine. Lakini umbo la njia zetu za ndani, zile zinazohusika na shauri hili, ni la mti, na lami iko kwenye ncha yake. Ili ncha ishinde, sharti peke yake iwe na nusu ya mzigo wote. Nani atasimama aseme kuwa nusu ya karafuu ya tawi lile iko kando ya lami? Mimi ningemsikiliza kwa furaha, kwa sababu shamba langu liko huko, na kutoka kiwanja kile cha bure mpaka uani kwangu naweza kuita watoto nikasikika. Sakafu ikijengwa hapo, mimi nitaanika na kurudi nyumbani kunywa chai, na wenzangu wa ndani watakuwa bado wako njiani na magunia yao.

Yapo mambo ambayo hesabu haiyajui, nayo tusiyafiche. Sakafu yataka jua la kutwa, kwa hivyo isiwe chini ya mikarafuu mirefu wala ubavuni mwa kilima kinachotia kivuli alasiri. Yataka ardhi isiyotuama maji. Yataka watu wanaoishi karibu, kwa ajili ya wezi. Basi hesabu itupe kitongoji, na macho yetu yatupe kiwanja ndani ya kitongoji hicho. Kama kiwanja hicho kitahitaji kununuliwa, bei yake ipimwe na ile miendo 400 ya kila mwaka. Na kwa anayetaka kuingiza na kavu kwa bei kamili, iwe miendo 240. Hata hiyo si kidogo.

Na huyu bwana aliyetoa kiwanja cha barabarani tusimvunje moyo, ametenda jambo jema. Mahali pale panafaa sana kwa ghala la karafuu kavu. Kavu ni nyepesi, haichachi, hungoja gari la kwenda kwa mnunuzi, na gari hupita hapo hapo. Kamati imwombe ruhusa ya kubadili matumizi.

Wiki zilizobaki kabla ya mkutano zatosha kwa kazi hii. Kila katibu wa tawi alete karatasi moja: vitongoji vyake, idadi ya wanachama wa kila kimoja, magunia yao ya msimu mzuri wa karibuni, na njia zinazopitika masika. Karatasi zikifika, mimi nitazichora ukutani, na mwanachama yeyote atakayependa aje na kalamu yake afute ncha mwenyewe.